Herufi tatu, mara 44: jibu kwa msomaji wa Wete

"Assalamu alaikum daktari. Baba yetu ana miaka 54. Tangu alipofika 47 mikono na mabega yake yanacheza yenyewe, anaangusha vikombe, anakasirika upesi, na siku hizi anapaliwa na maji. Babu mzaa baba alikuwa vivyo hivyo, ila yeye alianza akiwa ameshapindukia sitini, na watu walisema ana shetani. Mwaka jana dada yangu alimchukua baba Muskat, akapimwa damu, ikaandikwa Huntington, na karatasi ina namba 17 na 44. Dada aliambiwa kuna herufi za DNA zinazojirudia kupita kiasi. Hapa nyumbani wazee wanasema ni kwa sababu babu alizaliwa na wazazi waliokuwa watoto wa ndugu. Mimi nina miaka 28, mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Herufi kujirudia tu kunaletaje maradhi? Kama babu alianza na sitini na baba na 47, mimi nitaanza na thelathini? Nipime? Na mtoto je?"

Wa alaikum salaam. Umeuliza maswali manne, na nyuma yake naona la tano ambalo hukuliandika: kwamba siku zako zimeshahesabiwa kwenye karatasi ya Muskat. Niliondoe hilo kwanza. Namba hizo ni hesabu ya herufi zinazojirudia, na 44 ni ya baba yako. Wewe una namba mbili za kwako, moja umepewa na mama na moja na baba, na leo hakuna anayezijua. Baba ana nakala mbili za jeni ya maradhi haya (jeni ni sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kutengeneza protini), yenye 17 na yenye 44, na kila mtoto hupewa moja tu kati ya hizo. Nafasi ya kupewa ile ya 17, ambayo ni salama kabisa, ni nusu kwa nusu. Hesabu hii huanza upya kwa kila mtoto: dada yako akiwa salama haikuongezei wewe hatari, na akiwa nayo haikupunguzii.

La wazee kuhusu ndoa ya watoto wa ndugu ulitoe moyoni, kwa sababu linamlaumu asiyehusika. Ndoa za ndugu huongeza maradhi yanayohitaji nakala mbili mbovu, moja kwa mama na moja kwa baba, kama ya seli mundu. Huntington haihitaji mbili. Nakala moja iliyorefuka inatosha, awe mwenza wa mzazi ni mtoto wa ammi, au mgeni kutoka Makunduchi, au mtu wa bara. Wala hairuki kizazi. Asiyeirithi hana cha kuwarithisha watoto wake, na kwa tawi lake la ukoo habari imekwisha.

Sasa hayo marudio yenyewe. DNA ni maandishi marefu yenye herufi nne tu, A, T, G na C. Tunapewa seti moja na mama na moja na baba, kila seti ikiwa na herufi kama bilioni tatu. Karibu nusu ya maandishi hayo ni marudio ya namna moja au nyingine. Kuna kipande kimoja kiitwacho Alu, chenye urefu wa herufi kama 300, kilichonakiliwa zaidi ya mara milioni moja ndani ya DNA ya kila mtu, hata peke yake kikachukua kama asilimia 10 ya yote. Kwa hiyo daktari aliyemwambia dada yako kwamba herufi zinajirudia alimpa nusu ya maelezo. Marudio tunayo sote. Swali la kuuliza ni yamefika mangapi, na yamekaa wapi.

Marudio hupotoka kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya vipande virefu. Mbegu ya mwanamume au yai la mwanamke linapotengenezwa, kromosomu zinazofanana, yaani nyuzi ndefu zinazobeba DNA, hulala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Penye sehemu mbili jirani zinazofanana sana, zinaweza kupangana kwa kuruka hatua moja, kama mtu aliyefunga vifungo vya shati gizani: mwisho upande mmoja umebaki na kifungo, mwingine na tundu tupu. Hivyo ndivyo inavyotokea aina moja ya thalasemia ya alfa, maradhi ya damu, iliyoenea sana pwani yetu ya Afrika Mashariki. Jeni mbili za alfa globini, protini ya chembe nyekundu za damu, zimekaa jirani kwenye kromosomu 16 na zinafanana kama pacha. Zikipangana vibaya, kromosomu moja hupoteza herufi kama 3,700 pamoja na jeni moja. Anayeirithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, na tafiti za Kilifi zimeonyesha kuwa hali hii humpunguzia mtoto hatari ya malaria kali. Naitaja ili usione marudio kama sumu. Yakikaa mahali pengine huwa hata ngao.

Njia ya pili ni ya marudio mafupi, na ndiyo ya nyumbani kwenu. Kwenye mkono mfupi wa kromosomu 4 kuna jeni iitwayo HTT, iliyogunduliwa mwaka 1993 baada ya miaka mingi ya kufuatilia koo zilizoathirika kando ya ziwa Maracaibo huko Venezuela. Karibu na mwanzo wake herufi CAG zimeandikwa mfululizo: CAG, CAG, CAG. Mwenye 26 au pungufu hana tatizo. Mwenye 27 hadi 35 haumwi, lakini idadi inaweza kuongezeka inapopita kwa watoto wake, hasa akiwa baba. Mwenye 36 hadi 39 anaweza kuumwa au asiumwe maisha yake yote. Kuanzia 40, mtu akiishi umri wa kawaida, maradhi huja. Baba yako ana 44. Ile 17 yake ni idadi ya kawaida kabisa.

Kwa nini idadi ibadilike? Kila seli inapogawanyika, maandishi yote hunakiliwa. Nyuzi mbili za DNA hufunguliwa na kila moja hutengenezewa mwenzake. Penye herufi tofauti tofauti, uzi mpya ukiteleza hauna pa kushika, kosa linaonekana papo hapo. Penye marudio, kila mahali panafanana. Ni kama mtu anayeleta uradi wa neno moja bila tasbihi: akibishiwa hodi katikati, akirudi hajui aliachia kwenye 33 au 36. Uzi mpya hubanduka kidogo, kisha hushika tena hatua chache nyuma, na herufi zilizozidi hutoka nje kama kitanzi. Kitanzi cha CAG kina ubaya wake: herufi C na G zilizomo ndani yake hushikana zenyewe kwa zenyewe, kikajifunga kama ukili uliojipinda mkononi mwa msukaji, wala hakinyooki kirahisi.

Hapo huingia mafundi wa seli, protini za kukarabati DNA. Kazi yao ni kutafuta mahali nyuzi mbili hazilingani na kusawazisha. Protini mbili, MSH2 na MSH3, hukishika kile kitanzi. Fundi mwema angelikata kilichozidi. Lakini mara nyingine seli hukata uzi wa upande wa pili, ule uliokuwa sahihi, na kuujazia CAG ili ulingane na wenye kitanzi. Kosa la upande mmoja limekuwa la pande zote mbili, na kuanzia hapo linanakiliwa kama maandishi halali. Watafiti walipowaondolea panya wa maabara protini ya MSH3, marudio katika seli zao yaliacha kurefuka. Kadiri mfululizo unavyokuwa mrefu ndivyo unavyozidi kuteleza, na ndiyo maana 17 hupita vizazi na vizazi ikiwa 17, na 44 haitulii.

Madhara yake yanatokana na jinsi seli inavyosoma CAG. Kila CAG humaanisha ongeza asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha protini, iitwayo glutamini. Protini inayotengenezwa, huntingtini, hutoka na mkia mrefu wa glutamini unaonata. Vipande vyake hugandana ndani ya seli za neva na kuvuruga kazi nyingi kwa pamoja. Sehemu ya kwanza kuumia ni ile iliyo ndani kabisa ya ubongo iitwayo striatamu, inayochuja mienendo: ipi itoke na ipi izuiwe. Ikidhoofika, mikono hucheza bila ruhusa ya mwenyewe. Sehemu hiyo hiyo inashiriki katika kuzuia hasira, kupanga mambo na kuanzisha kazi. Hasira za baba yako zimetoka hapo hapo mikono yake ilikotoka. Naomba hili lifahamike nyumbani kwenu kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu familia nyingi humsamehe mgonjwa mikono lakini hazimsamehi ulimi.

Sasa utauliza, kama 44 alizaliwa nayo, kwa nini alikuwa mzima miaka 47? Kwa muda mrefu jibu la swali hili lilikuwa la kubahatisha. Leo tunajua kuwa kipimo cha damu kinaonyesha idadi ya marudio katika seli za damu tu, na katika neva za striatamu marudio huendelea kurefuka polepole maisha yote, kwa kazi ile ile ya mafundi niliowataja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliochunguza seli moja moja za ubongo wa watu waliofariki na Huntington, ulionyesha kuwa neva hubaki karibu na hali yake ya kawaida mpaka marudio yake yapite kama 150, kisha huharibika na kufa. Seli huchukua miongo kadhaa kufika huko, kila moja kwa wakati wake. Ndiyo sababu maradhi huanza kimyakimya katikati ya umri, na ndiyo sababu watafiti wengi sasa wanatafuta dawa ya kuituliza MSH3. Dawa hiyo bado haijapatikana. Tiba za jeni ziko kwenye majaribio kwa watu wachache. Atakayekuuzia leo dawa ya kuponya Huntington, iwe kwenye chupa, kwenye simu au kwenye hospitali yenye vioo, usimpe pesa.

Mahali marudio yalipo ndipo panapoamua aina ya maradhi, na maradhi ya namna hii yanayojulikana yamepita hamsini. Herufi CGG zikizidi 200 kwenye jeni FMR1 ya kromosomu X, jeni huzimika, na mtoto, hasa wa kiume, hupata ulemavu wa akili. CTG zikirefuka kwenye jeni DMPK, misuli hukaza na kudhoofika. Yapo pia yanayofanana na Huntington kabisa, na hili nalisema kwa ajili ya wengine wanaosoma hapa. Watu wenye asili ya Kiafrika wanaweza kuwa na maradhi yenye dalili zile zile ambayo marudio yake hayako kwenye HTT, bali kwenye jeni JPH3 ya kromosomu 16. Yalielezwa mara ya kwanza mwaka 2001 na karibu wagonjwa wote wanaojulikana wana asili ya Afrika. Kama kwenu dalili ni hizi na kipimo cha HTT kimetoka safi, mwombeni daktari aagize JPH3 kabla hajafunga jalada. Kwa baba yako hakuna haja, 44 imeshajibu.

Turudi kwenye khofu yako ya thelathini. Umechora mstari kutoka sitini hadi 47 ukauendeleza hadi kwako. Kurefuka kati ya vizazi ni jambo la kweli, na hutokea zaidi nakala inapopita kwa baba, kwa sababu mbegu za kiume hutengenezwa kwa kugawanyika mara nyingi mno, na kila mgawanyiko ni nafasi nyingine ya kuteleza. Lakini mara nyingi badiliko ni la CAG moja, mbili au tatu, na mara nyingine hupungua. Kuruka kwa ghafla hadi 60 na zaidi, kunakoleta maradhi kabla ya miaka 20, hutokea kwa wachache. Tena umri wa babu yako ni wa kukumbukwa na watu, na dalili za mwanzo kwa mzee huwa hazihesabiwi. Huenda alianza miaka kumi kabla ya mtu kuona. Mwisho, namba haitoi tarehe. Watu wawili wenye 44 wanaweza kupishana hata miaka ishirini, kwa sababu jeni nyingine, hasa za mafundi wa kukarabati, huharakisha au huchelewesha. Kwa hiyo hata ungekuwa na namba yako mkononi, isingekuambia mwaka.

Je, upime? Hilo ni lako peke yako. Mkeo ashauriwe, mama na dada wasikilizwe, lakini asikusukume mtu, na mwajiri asihusike. Katika nchi ambako kipimo hiki kimekuwapo kwa miongo mitatu, chini ya mtu mmoja kati ya watano walio katika hali yako huchagua kupima. Wanaopima husema hawawezi kuishi na swali, au wanataka kupanga uzazi, biashara, nyumba. Wasiopima husema hakuna dawa ya kuzuia, na jibu la ndiyo halifutiki. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yana hoja, na mwezi mbaya kabisa wa kuamua ni huu, mke akiwa mjamzito na wewe ukiwa bado umeshituka.

Ukiamua kupima, usipime kwa mlango wa nyuma kwa kumpa dada chupa ya damu aende nayo. Utaratibu unaokubalika una hatua. Kwanza unakaa na mshauri au daktari, mnachora ukoo, unaelezwa mipaka ya namba kama nilivyoieleza. Kisha unachunguzwa mwili na hali ya akili, kwa sababu mtu mwenye sonona nzito anatibiwa kwanza. Unapewa wiki kadhaa za kufikiri, na una haki ya kuacha hata siku ya kuchukua majibu. Damu yenyewe ni mililita tatu hadi tano kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. DNA ni imara, kwa hiyo damu inaweza kusafirishwa hadi maabara ya nje bila kuharibika, mradi isigandishwe wala kuachwa juani. Majibu unapewa ana kwa ana, ukiwa na mtu unayemwamini, na mnakubaliana mapema siku ya kurudi tena, kwa sababu wiki chache baada ya majibu ndizo ngumu kuliko siku yenyewe. Hata anayepata jibu jema huyumba. Wapo wanaojiona kama wamewakimbia ndugu zao.

Karatasi itakuwa na namba mbili, na maabara inaruhusiwa kukosea kwa moja au mbili. Kosa hilo halina maana kwenye 17 wala kwenye 44, lina maana kubwa kwenye 35 au 39. Ukipata namba ya mpakani, omba irudiwe.

Ikiwa vidole vyako vimeanza kucheza, au unasahau kuliko zamani, hapo huulizi tena utabiri, unatafuta sababu ya dalili, na unapaswa kuonwa mapema. Usijihukumu mwenyewe. Mtu anayeishi na khofu hii huona Huntington katika kila kikombe kilichomponyoka, na mara nyingi ni usingizi mchache tu. Mwili kucheza una sababu nyingine nyingi, baadhi zinatibika kabisa: sukari iliyopanda sana kwa mzee mwenye kisukari, tezi ya shingo, kaswende iliyofika kwenye ubongo, na dawa kama metoklopramidi ya kuzuia kutapika au baadhi ya dawa za akili zilizotumika muda mrefu. Kwa mtoto wa skuli aliyeanza ghafla, fikirini kwanza koo lililouma wiki au miezi michache nyuma bila kutibiwa. Hiyo huambatana na maradhi ya moyo na ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto wenu aliyeko tumboni, kwa hali ilivyo leo, ana nafasi moja kati ya nne ya kubeba nakala ndefu: nusu ya nusu. Ukigundua kuwa wewe huna, yake inakuwa sifuri. Hata akiwa nayo, haimdhuru tumboni, haimpi mama tatizo la mimba, wala haihitaji kitu tofauti wakati wa kujifungua. Mkeo aendelee na kliniki yake kama kawaida. Baada ya kuzaliwa, asipimwe. Mtoto asiye na dalili hapimwi mpaka afike miaka 18 na aombe mwenyewe. Hilo linatokana na haki yake: wewe umepata nafasi ya kuchagua kujua au kutojua, naye aipate. Kwa mimba zijazo ziko njia za kupima mapema, kuanzia wiki ya 11 hivi, na njia ya kupandikiza kiinitete kilichokwisha kupimwa. Zote ni ghali, ziko mbali, na zina maswali ya dini ambayo mimi si mtu wa kuyajibu. Yazungumzeni na shekhe wenu kabla ya kushika mimba nyingine, msingoje mpaka ishike.

Nililochelewa kulisema ndilo lenye kazi ya leo: baba. Hakuna dawa ya kusimamisha maradhi, lakini mengi yanayomtesa yanatibika. Kwanza kupaliwa, kwa sababu chakula na maji yanayoingia mapafuni ndiyo huwaua wengi wao. Aketi wima kila anapokula, kidevu kimeinama kidogo anapomeza, asizungumze na televisheni izimwe, na abaki ameketi nusu saa baadaye. Maji matupu ndiyo yanayopalia kuliko yote. Uji mzito, maziwa ya mgando na ndizi iliyopondwa ni salama zaidi kuliko chai nyepesi, mkate mkavu au samaki wa miiba. Kumsomea dua hakuna daktari atakayekuzuia. Kombe apewe kwa kijiko, akiwa wima, lisimiminwe kinywani akiwa amelala. Kumfunga au kumfukiza moshi mzito, hapana.

Akikabwa hata hawezi kukohoa, mpige mara tano kwa kiganja kati ya mabega akiwa ameinama mbele, kisha mkumbatie kutoka nyuma na umbane kwa ngumi juu ya kitovu, ndani na juu, mara tano. Rudia mpaka kitoke. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo ajifunze, hata kijana wa skuli.

Pili ni uzito. Mwili unaocheza mchana kutwa unachoma chakula kingi, na wapo wanaohitaji kalori 4,000 kwa siku au zaidi. Mpime uzito kila mwezi kwa mizani ile ile. Ongezeni tui, karanga zilizosagwa, tende, mayai na samli, kwa milo midogo mitano au sita. Kwa mtu wa hali hii funga ya Ramadhani ni ya kuulizwa, maana anakonda, anapaliwa na anahitaji dawa kwa saa. Mgonjwa ana ruhusa yake, na familia isione aibu kuitumia.

Mikono ikicheza bila kumsumbua, iacheni. Dawa hutolewa pale inapomwangusha, inapomkosesha usingizi au kula. Tetrabenazini huanzwa kwa miligramu 12.5 asubuhi na kupandishwa polepole kila wiki, lakini inaweza kuleta au kuzidisha sonona, kwa hiyo mwenye historia ya kutaka kujidhuru hapewi. Haloperidoli kwa dozi ndogo au olanzapini hupatikana kwa urahisi zaidi, na olanzapini humsaidia pia kunenepa na kulala. Dozi hizi zipangwe na daktari anayemwona. Hasira na huzuni zina dawa zake na huitika vizuri, pengine kuliko mikono. Mpangieni siku isiyobadilika, mwulizeni swali moja kwa wakati, na mumpe muda wa kujibu. Kichwani anaelewa zaidi kuliko ulimi unavyoonyesha.

Hapo Pemba anzieni hospitali ya Wete au Abdalla Mzee Mkoani, mkiwa na karatasi ya Muskat, orodha ya dawa zote alizowahi kutumia, na ukoo uliochorwa kwenye karatasi moja: nani aliumwa, alianza akiwa na umri gani. Ombeni rufaa ya daktari wa mishipa ya fahamu Mnazi Mmoja au Muhimbili. Kwa hasira kali, kuona visivyokuwepo au sonona, daktari wa magonjwa ya akili wa Kidongo Chekundu, Unguja, ni msaada mkubwa, wala kwenda huko hakumfanyi baba kuwa mwendawazimu. Mkipata nafasi, mpelekeni mchana kwa boti, bahari ikiwa tulivu, akiwa amekula saa mbili kabla; kutapika na kupaliwa kwa pamoja ni hatari.

Dada akiulizwa huko Muskat kama maradhi haya yametoka kwetu, ajibu bila kuinamisha kichwa. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa ukoo wenye Huntington nchini Oman, na alama za DNA zinazoizunguka jeni ziliashiria mhenga wa Kiafrika. Pande mbili za bahari zimeoana karne nyingi, na mfululizo wa CAG ulisafiri na watu kama lugha na mapishi yalivyosafiri.

Kuna mambo ambayo hayangoji miadi. Homa na kikohozi baada ya kupaliwa: hospitali siku hiyo hiyo. Mwili kukakamaa ghafla pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa baada ya kuanza au kuongezewa haloperidoli: acheni dawa hiyo na mwende mara moja, usiku au mchana. Kuanguka kwa kichwa na kusinzia baadaye: vivyo hivyo. Na neno lolote la kutaka kufa, kutoka kwa baba au kutoka kwako, lichukuliwe kuwa ni la kweli. Msimwache mtu huyo peke yake usiku huo, ondoeni dawa, kamba na visu karibu naye, na mumpeleke kwa daktari asubuhi, au papo hapo ikiwa ameshapanga namna.